Miraba Tisa Niliyoitoa

Solange wangu,

Sikuulizi hali, maana hali yako naijua. Saa hizi uko kanisani, umewekwa kiti cha mbele, kwaya nzima inakuimbia uende salama, na Mama Chantal analia kushinda wote ingawa juzi tu alikuwa anakusema kwamba siku hizi unajiona. Mimi nimebaki nyumbani. Nimewaambia ni miguu, kwamba lifti imekufa tena na ghorofa saba si mchezo kwa mtu wa umri wangu. Wamekubali haraka, wala hawakunisihi. Miguu yangu haina kitu. Nimebaki kwa sababu nisingeweza kukaa kando yako mbele ya watu wote wale, tunatabasamu, tukijifanya tunaongea.

Tangu Jumapili hatujaongea. Unanisalimia asubuhi, unaniaga ukitoka, unagonga ukirudi, basi. Salamu kama hizo hata jirani wa ghorofa ya tatu ananipa, na jina lake silijui. Kesho asubuhi taksi itakuja kukupeleka uwanja wa ndege, uende Kanada kwa shangazi yako, na karatasi uliyopewa ni ya kwenda tu. Ya kurudi hapa haipo. Ombi langu la kukufuata limekataliwa kwa mara ya pili, na wewe unasema tutajaribu tena. Jaribu. Mimi nimechoka kutumaini, na nimeona afadhali nikuandikie hivyo leo kuliko kukudanganya kesho mlangoni. Sidhani kama tutaonana tena, mwanangu. Kwa hiyo kwa sasa naogopa jambo moja tu, kwamba utaondoka bila kunisemesha, na sababu yenyewe ni blanketi.

Usitafute humu mambo ya koti zito, wala ya kuweka pasipoti mfuko wa ndani, wala ya kula kabla ya safari. Hayo shangazi yako ameshakuambia kwenye simu mpaka umeyachoka, nilikuwa nasikia. Nataka kukueleza blanketi lile tangu mwanzo. Mengine unayajua, lakini nitayaandika hivyo hivyo, kwa sababu ulipoyajua ulikuwa umekasirika.

Lilianza na Auntie Rukia. Wewe umemwona mara moja au mbili, yule mama wa Bayview mwenye mtandio na mkoba mkubwa, ambaye watu wake waliletwa Durban zamani sana kutoka pwani za huko juu, yeye mwenyewe akazaliwa hapa, na Kiswahili chake ni kile alichoachiwa na bibi yake. Huja kwenye meza yangu ya ushonaji pale sokoni Warwick kunipa suruali za wajukuu nizipunguze. Siku shangazi yako alipotutumia picha ya theluji mbele ya mlango wake, nilimwonyesha Auntie Rukia, nikamwambia binti yangu anakwenda kuishi humo. Aliitazama, akasikitika kwa mdomo, akatoa kwenye mkoba ule kipande cha blanketi alichokuwa akikishona kwa mkono. Ni blanketi la kuunga vipande vya nguo, wao hapa wanaliita kwilti. Nilikigeuza, nikaona mishono yake, nikasema moyoni, hiki mimi nakiweza kwa siku tatu.

Sikukiweza. Aliniletea mitindo mitatu, akaniambia nianze na ule mwepesi, mimi nikachagua mgumu. Kiburi cha fundi, Solange. Nimeshona sare za shule za nusu ya watoto wa Albert Park, nani ataniambia nianze na mwepesi? Mtindo wenyewe ukiusikia ni rahisi. Unaanza na kipande kidogo chekundu katikati. Unakizungushia vipande vyembamba, kimoja baada ya kingine, pande mbili nguo nyeupenyeupe, pande mbili nguo za giza, mpaka unapata mraba wa ukubwa wa sahani. Kila mraba unakuwa nusu mwanga, nusu giza. Ukishakuwa na miraba ya kutosha, unaitandaza sakafuni na kuanza kuigeuza, na kila ukigeuza, picha nzima inabadilika. Mara ngazi, mara almasi kubwa, mara mifereji. Uzuri wote uko kwenye kupanga.

Miraba yangu ya kwanza haikukutana. Nilikata vipande kwa macho, kama ninavyokata mkono wa shati, na kwenye shati hakuna anayeona. Hapa, ukizidisha uzi mmoja kwenye kipande cha kwanza, cha pili kinaurithi, na cha tatu, na ukifika mwisho mraba mmoja unampita mwenzake kwa upana wa kidole. Auntie Rukia aliipanga kwenye meza yangu, akacheka mpaka muuza dawa za mizizi wa jirani akaja kutazama. Akasema, "My darling, hii ni miraba au ni familia yangu? Kila mtu na kimo chake!" Nilikasirika, nikaifumua yote. Nilikuwa nafumua kwenye taksi, nafumua jikoni, na wewe ulikuwa unaniokotea nyuzi kwenye nguo ukinitania kwamba naota manyoya. Nadhani hizo ndizo siku nzuri za mwisho tulizokuwa nazo, na sikuzijua.

Sasa nije kwenye nguo zenyewe, maana hapo ndipo tulipogombana. Za mwanga zilikuwa zako. Blauzi zako za shule, sketi nyeupe ya kwaya, kitambaa cha meza ulichomwagia chai, na gauni lile la satini ya rangi ya maziwa ambalo hukulivaa. Za giza zilikuwa za kaka yako Fiston. Suruali zake mbili za jinzi, koti lake la kazi. Na kwenye miraba tisa, nikaweka kitenge cha msiba wake.

Najua unachofikiri kuhusu kitenge hicho. Nakuomba usome kwanza.

Fiston alipogongwa kule Clairwood, lori liliporudi nyuma kwenye uwanja wa bohari na dereva asimwone, hata pesa ya jeneza hatukuwa nayo, na watu wetu walichanga. Mama Chantal na wenzake wakanunua kitenge cha bluu nzito chenye ndege weupe, familia yote tukavaa sare moja kama inavyofanyika kwetu. Siku ya kuondoa matanga tunakivua wote pamoja na kukifua siku hiyo hiyo, kwa maji mengi, mpaka maji yawe meupe, kisha kinagawiwa kwa watu wa nje. Hakirudi ndani ya nyumba. Wewe ulikifua chako uani, ukakisuuza mara mbili, ukakitoa. Mimi nilisema changu nitakifua usiku kwa sababu ya mgongo. Sikukifua. Nilikikunja kikavu, kikiwa bado na udongo wa makaburini kwenye pindo, nikakiweka chini ya godoro langu, na kimelala hapo miaka yote hii ukiwa hujui.

Watu wanamtazama mama aliyefiwa, wanangoja ajilaumu. Mama Chantal aliniambia kabisa, "Mama Fiston, usijilaumu." Laiti angejua. Nimelitafuta kosa langu katika kifo kile kila siku na sijalipata. Kazi aliitafuta mwenyewe, aliipenda. Asubuhi ile sikumkaripia, nilimpa chai na maandazi, akaniambia "sharp, Mama," akateremka ngazi akipiga mluzi. Ningepata kosa ningelishika, ningejua pa kuanzia. Hakuna. Ni lori tu lilirudi nyuma. Makosa yangu yote yako kwako, na hayo nayaona vizuri hata bila miwani.

Mwaka ule ndio ulikuwa unamaliza shule. Gauni la satini nilikuwa nimelishona mimi, lilikuwa tayari kabla ya msiba, na siku ya dansi ya matric, ile ya kuhitimu, ilipofika matanga yalikuwa bado hayajaondolewa. Ulilivaa chumbani ukatoka, hukuniomba ruhusa kwa mdomo, ulisimama tu pale karibu na friji. Nikakuambia, "Na kaka yako yuko ardhini?" Ulirudi ukalivua. Ukalitundika, ukaja jikoni na fulana ya kulalia, ukaosha vyombo vyote, hata vile visafi. Chini barabarani gari la wenzako lenye utepe lilikuwa linapiga honi, nikajifanya silisikii. Ukweli, Fiston angekuwa hai ndiye angekupeleka. Angeazima koti la mtu na viatu vya mtu mwingine, angekufungulia mlango wa gari kama waziri.

Na matanga yalipoondolewa, kwangu hayakuondoka. Redio sikutaka. Ukaacha kwaya kwa sababu kila ukifanya mazoezi bafuni nilikuwa nakohoa kwa nguvu. Nilikuambia tunamheshimu kaka yako. Haikuwa heshima. Nilikuwa nikikusikia unacheka kwenye simu, nachukia. Nakuandikia hilo neno kama lilivyo, nachukia, mimi mama yako, nilichukia kicheko cha mtoto niliyebaki naye. Nilitaka mtu wa kubeba pamoja nami na ulikuwa wewe tu. Nilichopata kujifunza ni kidogo sana na nimechelewa nacho. Ukimlazimisha mtu abebe huzuni yako, ya kwako haipungui hata kidogo. Kila mmoja anabaki na yake nzima, na juu yake mnaongeza kinyongo. Siku moja huko nawe utakuwa na watu ndani ya nyumba. Ukiona mmoja wao ameanza kucheka kabla yako, mwache acheke. Sijui kama utaweza. Mimi sikuweza.

Basi Jumapili. Nilikuwa nimesukuma meza mpaka mlangoni, nimetandaza miraba yote sakafuni. Auntie Rukia alikuwa amenifundisha kupanda juu ya kiti na kufumba macho nusu, kwa sababu ukiyakodoa unaona maua na ndege na vifungo, lakini ukiyafumba nusu rangi zinakufa, unabaki na mwanga na giza tu, na hapo ndipo unapoona mpango umekaa au haukukaa. Ndivyo ulivyonikuta uliporudi kutoka ibadani. Umesimama na viatu mkononi, unanitazama.

"Mama, unafanya nini kule juu? Utaanguka!"

"Kuya uone. Fumba macho kidogo. Hapana sana, kidogo tu."

Ukapanda kiti changu hicho hicho, tukashikana viuno tusianguke, na wote wawili tumefumba macho nusu kama walevi, na ulicheka. Mimi pia nilicheka. Nilidhani, Mungu wangu, tutaachana vizuri. Kisha ukafumbua macho.

"Ngoja. Ile iko nini?"

"Ipi?"

"Ile ya bluu. Ya ndege. Mama, ile si kikwembe ya deuil ya Fiston?"

"Ni vipande kidogo tu."

"Eish, Mama! Ulisema ulitoa! Unanipa matanga niende nayo Canada? Nilale ndani yake?"

"Ni kaka yako, Solange."

"Hapana. Kaka yangu iko na jina, iko na picha ku téléphone yangu. Ile iko matanga. Mimi nilivaa, nilivua, nilifua. Sitabeba tena."

Ukashuka kitini. Yangeishia hapo nami ningenyamaza, labda leo ningekuwa kanisani. Lakini mdomo wangu unaujua. Nilikuambia, "Basi enda mikono mitupu. Si uko nakimbia? Kimbia." Uliingia chumbani ukafunga mlango polepole kabisa. Ungeubamiza ningejisikia vizuri zaidi.

Toka siku hiyo napanga na kupangua. Sikutaka kukubali. Nilifikiri tatizo ni mahali, kwamba miraba ile tisa nikiiweka sehemu inayofaa hutaiona. Niliisambaza kila upande, bluu ikatokea kila upande. Niliipeleka kwenye kona, miwili miwili, zikawa kona nne za msiba na mraba mmoja ukabaki hauna pa kukaa. Niliipanga pembeni chini, mahali pa miguu, lakini miguu nayo ni yako, si ya mtu mwingine. Nilijaribu pia kuikusanya katikati, na hapo, Solange, ikatoka almasi ya bluu nzuri ajabu. Ndege wote weupe walielekea juu. Lilikuwa blanketi zuri kuliko kitu chochote nilichowahi kushona, na nilikuwa nimesimama juu ya kiti nikijua kwamba huwezi kulilalia.

Auntie Rukia alikuja Jumatano. Alipanda ghorofa zote saba akipumzika kila kona na kuilaani lifti kwa Kiswahili cha bibi yake. Alipofika alikunywa maji glasi mbili, akatazama sakafu, nikamweleza yote. Nilidhani atanionea huruma.

"Wewe unasogeza, unasogeza," akasema. "Ukiondoa hapa inatokea kule. Nusu ni giza, my darling, uigeuze vipi? Itakuwa nusu tu."

"Sasa nifanye nini?"

"Unataka afunike mwili au unataka akumbuke? Kama ni kumbuka, mpe picha."

Nikamwambia hajui kupoteza mtoto. Akasema amezika wawili. Akala maandazi yangu matatu, akanitengenezea mvutano wa uzi kwenye cherehani, akateremka. Huyo ndiye mtu niliyekuwa namwona wa kuchekacheka tu kwa mwaka mzima.

Bado sikukubali. Usiku huo nikaamua ninyooshe miraba vizuri kwanza, labda ikinyooka itakaa. Nikainyunyizia maji, nikapiga pasi ya moto, nikaipanga juu kwa juu ikiwa bado na unyevu. Asubuhi nilipoifunua, bluu ilikuwa imevuja. Kitenge ambacho hakijawahi kuguswa na maji kilitapika rangi yake yote, na satini yako ya maziwa iliyokuwa imelaliana nacho ilikuwa na mawingu ya bluu. Nilikaa sakafuni. Wewe ulipita kwenda kuoga, uliniona nimekaa hivyo, ukasimama kidogo, kisha ukaendelea. Sikulaumu. Ningekifua siku ile pamoja nanyi, rangi ile ingemwagika uani na habari ingekwisha. Nilitia chumvi, nikatia siki, nikasugua na limau. Ikakimbilia mbele zaidi.

Kwa hiyo nimeitoa. Jana mchana nilikaa na wembe, nikatenga miraba yote tisa ya kitenge, na mingine iliyochafuka sana. Iliyobaki haikutosha ule mpango wa almasi wala wa ngazi. Nikageuza yote upande mmoja, mwanga juu, giza chini, mstari baada ya mstari. Ni mpango wa mtu aliyeanza kujifunza jana. Nikaweka pamba katikati, nikatia mgongo wa flaneli, nikashona. Ni blanketi dogo, Solange. Nimejipima nalo nikilala, lilinifunika kuanzia mabegani mpaka magotini, na wewe ni mrefu kuliko mimi. Kwenye mstari wa mwisho kuna miraba miwili ambayo satini yake bado ina kivuli cha bluu. Nisingekuwa nayo, mstari ungebaki na tundu, na satini nyingine sikuwa nayo. Kitenge chenyewe hakimo hata uzi mmoja. Lakini kivuli kimo, na sitaki uje ukione ukiwa huko na kusema mama alinidanganya tena.

Leo ulipoondoka kwenda kanisani nilijaza beseni bafuni, nikaifua ile miraba tisa. Peke yangu, bila wimbo. Maji ya kwanza yalitoka kama wino. Nikamwaga, nikajaza, yakatoka bluu. Nilisuuza mpaka ndege wakabaki kama wameloweshwa kwenye maziwa, na udongo wa kwenye pindo ukaingia kwenye bomba la maji machafu la jengo hili, chini huko pamoja na sabuni za watu. Nilidhani nitasikia nafuu. Watu wanasema ukishafua unasikia nafuu. Nilisikia baridi ya mikono tu. Imening'inia kwenye kamba ya roshani na bado inadondosha maji.

Nikwambie kitu kingine kinachonikaa kooni. Hapa kwenye ngazi wote wananiita Mama Fiston. Wale wenye adabu, baada ya msiba, walianza kuniita Mama Solange ili nisiumie. Kuanzia kesho sijui wataniitaje. Nitaitika majina mawili, na kwenye nyumba hakutakuwa na wa kuingia kwa jina lolote. Nitaenda Warwick, nitapunguza suruali, nitarudi, nitapanda ngazi. Naiona kazi hiyo mbele yangu mpaka mwisho wake, na sioni kitu kingine pembeni. Usinipigie simu kunifariji kila siku. Utachoka, halafu utaona aibu kwamba umechoka. Piga ukiwa na la kusema.

Sikuombi unisamehe dansi ya matric. Hilo limepita na gauni lenyewe nimelikatakata. Wala sikuombi umkumbuke kaka yako, maana umenionyesha kwamba unamkumbuka vizuri kuliko mimi, kwa jina lake na kwa picha yake, bila kujifunika msiba. Nilikuwa nafikiri umemsahau kwa sababu hulii. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote na limenichukua blanketi zima kuliona.

Nasikia sauti zenu chini, nadhani mmerudi, Mama Chantal anacheka na wewe unamjibu. Nitaacha kuandika kabla hujafika ghorofa ya saba. Blanketi liko juu ya sanduku lako, na barua hii iko ndani yake. Hutaisoma mpaka uiguse nguo hiyo, nimekutega, nisamehe kwa hilo angalau.

Asubuhi taksi ikipiga honi nitakuwa jikoni, sitakuja chumbani kwako. Ukiamua kulibeba, libebe. Ukiamua hulitaki, naomba usiliache tu kitandani nije nilikute ukiwa umeshakwenda. Njoo jikoni uniambie kwa mdomo wako kwamba hulitaki. Ufoke ukipenda, unitajie na mengine yote niliyokufanyia, hata ambayo sikuyaandika humu. Sitajibu neno. Nitakusikiliza mpaka umalize, na taksi ingoje.

Mimi,
mama yako na wa Fiston